Usiache maumivu ya tumbo yakufanye uogope kula

NI jambo la kawaida hapa Isiolo mgonjwa kuingia kwa daktari akiwa na orodha kichwani. Hajaulizwa chochote bado, lakini anaanza kuhesabu: maharagwe siwezi, kabichi siwezi, chai ya maziwa imenikataa, machungwa ndiyo kabisa. Ukimwuliza anakula nini basi, anasema wali mkavu kidogo, ndizi moja, labda uji mwepesi asubuhi. Mshipi wake umetobolewa tundu jipya mara mbili. Na ukitaka kujua ni nani aliyemkataza vyakula vyote hivyo, utasikia ni jirani, mwuza dawa, mwenzake wa kazini, na mwishowe yeye mwenyewe.

Makala ya leo yanamhusu mtu huyo. Tumbo lake lilianza kuuma kwa sababu ya kweli, wala hajifanyi. Lakini baada ya miezi au miaka ya maumivu, ugonjwa wa pili huzaliwa juu ya ule wa kwanza, nao ni woga wa kula. Mara nyingi huu wa pili ndio unaomkondesha, ilhali ule wa kwanza ungetibika kwa majuma mawili, au hata umeshatibika na yeye hajui.

Kila tumbo huitwa "alsa"

Humu nchini, mtu akiumwa chini ya kifua huambiwa ana "alsa", na mazungumzo huishia hapo. Hali hiyo moja inaweza kuwa vidonda vya tumbo kweli, au asidi inayopanda kwenye umio na kuleta kiungulia, au mawe kwenye kibofu cha nyongo, au amiba na jiadia, au utumbo mpana ulio mwepesi wa kusisimka hata kama hauna kidonda chochote. Kila moja ina dawa yake. Anayetibiwa zote kwa kukatazwa pilipili na maharagwe hatibiwi hata moja.

Vidonda vyenyewe havitokani na pilipili. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria waliowapata katika matumbo ya wagonjwa, ambao leo tunawaita Helikobakta pilori. Wataalamu wengi hawakusadiki kwamba bakteria wanaweza kuishi ndani ya asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akajitolea, akawanywa bakteria hao, naye akaugua tumbo. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu kubwa ya pili ni dawa za kutuliza maumivu kama vile diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo madereva wa malori ya Moyale na akina mama wenye maumivu ya mgongo humeza kila siku kana kwamba ni peremende.

Basi hiyo orodha ya vyakula vilivyokatazwa ilitoka wapi? Kwa sehemu ni urithi wa zamani. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieleza matibabu ya vidonda kwa kumnywesha mgonjwa maziwa na krimu kila saa, na kwa miongo mingi baadaye wagonjwa duniani kote walilishwa vyakula vyeupe visivyo na ladha. Siku hizi tunajua maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Tiba ya Helikobakta ni dawa mbili au zaidi za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa kawaida kwa siku 14, bila kuruka hata siku moja.

Hapa pana jambo linalowaletea wengi huzuni ya bure. Kuna kipimo cha damu cha bakteria hawa ambacho huuzwa kila mahali kwa kuwa ni rahisi. Kipimo hicho huonyesha kwamba mwili uliwahi kupambana na bakteria, na huweza kuendelea kuonyesha hivyo muda mrefu baada ya mtu kupona. Mgonjwa hupimwa tena na tena, kila mara anaambiwa "bado iko", naye huzidi kuikaza orodha yake. Kinachofaa kuthibitisha kupona ni kipimo cha kinyesi au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa za kuua bakteria na wiki 2 baada ya kuacha omeprazoli. Tena ukumbuke kwamba katika nchi nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wana bakteria hawa, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote.

Habari ya maziwa

Maziwa yanahitaji maneno zaidi, hasa katika mji huu ambamo akina mama huuza maziwa ya ngamia na kuyapeleka hadi Eastleigh, Nairobi. Kumkatalia mwenyeji maziwa katika nyumba ya mfugaji ni karibu sawa na kumkatalia salamu. Lakini wako watu ambao wakinywa kikombe kimoja hufura tumbo, hunguruma na kuharisha. Hao hawana kidonda wala mzio. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na mtu mzima ambaye mwili wake umepunguza kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja hushindwa kuisaga. Sukari ile hufika kwenye utumbo mpana ikachacha na kutoa gesi.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff, waliowachunguza watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la kijenetiki, tofauti na lile la Wazungu, linalowawezesha kunywa maziwa hata ukubwani. Kwa hiyo watu wawili wanaoketi meza moja hapa mjini wanaweza kunywa maziwa ya mtungi mmoja, mmoja akalala vizuri na mwingine akakesha. Mwenye kukesha si lazima aape kutoyagusa tena. Maziwa yaliyochachushwa, iwe ni lala au susa ya ngamia, yana laktosi pungufu, na wengi huyavumilia. Nusu kikombe pamoja na chakula pia huvumilika kuliko kikombe kizima tumbo likiwa tupu. (Yachemshwe kabla ya kuchachushwa, maana ugonjwa wa brusela hapa kwetu si mgeni.)

Woga unavyoingia tumboni

Mwaka 1822, mwindaji wa manyoya aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya huko Marekani. Alipona, lakini jeraha liliacha tundu lililoingia hadi ndani ya tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimchunguza kwa miaka kupitia tundu hilo na kuchapisha kitabu mwaka 1833. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba St. Martin akikasirika, kazi ya kusaga chakula ilivurugika. Sasa tunafahamu kwamba kuta za utumbo zina mamilioni ya neva zinazozungumza na ubongo usiku na mchana. Mtu akiogopa, mwili huamini kuna hatari ya kukimbia, hivyo damu huelekezwa kwenye misuli, tumbo likachelewa kumwaga chakula, na utumbo mpana ukakaza au ukaharakisha. Ndiyo maana mtoto huenda chooni asubuhi ya mtihani.

Sasa mchukue yule mgonjwa wetu. Ameketi mbele ya sahani ya maharagwe akitetemeka moyoni. Kabla ya kijiko cha kwanza, tumbo lake limeshajikunja. Anakula vijiko vitatu, anahisi kujaa na kichefuchefu, na anajiambia, "Si nilijua!" Kesho anakiondoa chakula hicho. Keshokutwa kingine. Kwa kuwa anakula kidogo, tumbo lake huzidi kuwa zito, kwani tumbo la mtu aliyedhoofika kwa njaa humwaga chakula polepole na kumfanya ashibe upesi. Utumbo usio na kitu cha kusukuma hufunga choo. Kila dalili ya njaa yeye huihesabu kuwa dalili ya ugonjwa. Wala hatafuti wembamba, kama wale wanaojinyima ili wapendeze. Anatamani sana kula. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili katika orodha yao rasmi mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limelitambua. Kwa hiyo si wazimu, si kudeka, na si uchawi wa mke mwenza.

Wakati ambapo si woga

Kabla ya kumwambia mtu yeyote "jikaze ule", hakikisha amepimwa. Chakula kinachokwama kifuani wakati wa kumeza, kwanza nyama na chapati, halafu hata uji, hakitibiwi kwa kutiwa moyo. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi Kenya, na mgonjwa mara nyingi huja akiwa amechelewa kwa sababu alijitibu "alsa" kwa miezi. (Wapenzi wa chai ya moto mjue kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi digrii 65 huenda vinachangia saratani hiyo. Iache ipoe kidogo.)

Vilevile mwone daktari upesi ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukiwa na upungufu wa damu au homa isiyoisha, maumivu yakikuamsha usiku, au ukipungua uzito bila kukusudia. Mtu wa kilo 70 akipoteza zaidi ya kilo tatu na nusu katika miezi 6, hilo si jambo la kusubiri. Huenda ukahitaji kumulikwa tumbo kwa mpira wenye kamera. Wengi huogopa kipimo hicho kuliko ugonjwa wenyewe, ilhali huchukua dakika chache.

Kurudisha chakula nyumbani

Tuseme umepimwa, umetibiwa, na bado sahani inakutisha. Usianze na chakula unachokiogopa kuliko vyote. Anza na kile kinachokutisha kidogo tu. Chagua siku tulivu, ukiwa nyumbani, na ule vijiko viwili au vitatu vya chakula hicho pamoja na vile ulivyozoea. Rudia kiasi hicho kwa siku tatu kabla ya kuongeza, na usiingize chakula kingine kipya katika siku hizo. Andika katika daftari ulichokula na kilichotokea, kwa maana woga una kumbukumbu mbaya: hukumbuka siku moja ya maumivu na kusahau tisa za salama.

Gesi kidogo si ushahidi wa ugonjwa. Maharagwe humpa gesi hata mtu mzima wa afya, kwa sababu yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Kikikushinda chakula leo, kiweke kando kwa wiki moja kisha ukijaribu tena. Usikiandike kwenye orodha ya marehemu. Milo mitano midogo hubebeka kuliko miwili mikubwa. Kabla ya kula, vuta pumzi polepole mara kadhaa hadi tumbo lenyewe liinuke, si kifua tu. Huwatuliza wengi, na haina gharama.

Aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula karibu chochote asijaribu haya peke yake. Kumjaza chakula kingi kwa ghafla kunaweza kuvuruga madini katika damu na hata kusimamisha moyo. Huyo aanzie hospitalini.

Miraa lazima niitaje, hata kama biashara hiyo inalisha nusu ya barabara kuu yetu. Miraa huua hamu ya kula, huchelewesha chakula tumboni na kufunga choo. Anayetafuna tangu alasiri hadi usiku wa manane, kisha akashangaa kwa nini chakula cha jioni hakishuki, asimlaumu mpishi.

Ramadhani nayo huleta jambo ambalo familia nyingi hazilitambui. Mwenye woga wa kula hupata nafuu mwezi huo, kwa maana hakuna anayemwuliza mbona hujala. Futari anaonja tende na maji, daku anasema ameshiba, na Idi ikipita anaendelea vivyo hivyo. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Mwenye kidonda kibichi au aliyekonda aitumie ruhusa hiyo baada ya kuzungumza na daktari na shehe wake. Wakristo wanaofunga kwa maombi marefu wajiangalie pia.

Kwa jamaa, nina ombi. Msimsukumie mgonjwa sahani huku mkimhesabia matonge, wala msimfanyie mzaha mbele ya wageni. Anayepika asipikie mgonjwa chungu chake cha pekee miaka nenda miaka rudi. Aweke chakula cha wote katikati, na mgonjwa achukue kiasi chake bila kutolewa macho. Kuleni naye. Zungumzeni habari za mvua, za mifugo, za karo ya shule, mradi isiwe habari ya tumbo. Apimwe uzito kila baada ya wiki mbili kwenye mizani ileile ya zahanati, akiwa na nguo za uzito uleule. Mizani ikizidi kushuka baada ya mwezi mmoja wa kujaribu, arudi kwa daktari na daftari lake mkononi, naye aombe pia kuonana na mshauri wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa lishe.