Gegedu: Neno, Dhana na Tiba ya Goti katika Mazingira ya Litein

Utangulizi
Litein ni mji ulioko Bureti, katika Kaunti ya Kericho, nchini Kenya. Umezungukwa na mashamba ya chai. Mchumaji chai hushinda akipanda na kushuka miteremko, kikapu kikiwa mgongoni, na goti ndilo libebalo mzigo huo. Makala haya yanajadili jinsi neno moja, gegedu, linavyoweza kumsaidia mgonjwa wa goti kuelewa tiba anayopewa.

Neno na Dhana
Gegedu ni tishu imara na nyororo inayofunika ncha za mifupa kiungoni. Halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo hujiponya kwa shida sana. Tayari mwaka 1743, tabibu William Hunter aliandika jijini London kwamba gegedu likishaharibika halirejei. Kwa hiyo, mgonjwa anapoambiwa kuwa "mfupa umelika", hupewa picha isiyo sahihi. Mfupa uliovunjika huunga, gegedu haliungi. Anayedhani kuwa tatizo ni mfupa anaweza kungojea uponyaji usiokuja, huku akiendelea kubeba kikapu.

Upasuaji na Sindano
Katika miaka ya 1980, daktari Mmarekani Richard Steadman alibuni mbinu ya kutoboa vitundu vidogo katika mfupa ulio chini ya gegedu lililoharibika. Damu na uboho hupenya, na seli zake huziba pengo. Hata hivyo, kinachoota aghalabu ni gegedu la nyuzi, ambalo ni dhaifu kuliko lile la asili.

Ndipo watafiti wakageukia dawa. Utafiti uliofanyiwa sungura nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulihusu losartani, dawa inayofahamika kwa kutibu shinikizo la damu. Dawa hiyo huzuia proteini inayochochea kovu. Sungura walioinywa baada ya upasuaji waliota gegedu lililokaribia la asili. Watafiti wamejaribu pia kuidunga moja kwa moja kiungoni. Tiba hiyo bado haijawa ya kawaida kwa binadamu.

Hapa neno "sindano" nalo huleta utata. Sindano ya steroidi, inayotumika sana, hupunguza uvimbe na maumivu kwa muda, haioteshi gegedu. Yafaa basi kutofautisha "sindano ya kutuliza" na "sindano ya kukuza gegedu", ili mgonjwa asilipie ya kwanza akitarajia ya pili.

Hitimisho
Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitamfaa mchumaji chai iwapo istilahi zitabaki kamusini. Neno gegedu lipo. Lililobaki ni kulifikisha katika chumba cha daktari, likiambatana na maelezo mepesi, na pale inapohitajika, tafsiri ya Kikipsigis. Mgonjwa hawezi kuridhia kwa dhati tiba ya kitu asichokijua jina.