Masalia ya msafara wa Franklin: maswali na majibu

Franklin alikwenda kutafuta nini?

Mei 1845, Sir John Franklin aliondoka Uingereza na manowari mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada hadi Pasifiki. Wote 129 waliokuwamo waliangamia.

Nani alipata vitu vyao kwanza?

Wainuit, wenyeji wa huko. Mwaka 1854 mvumbuzi Dk. John Rae alinunua kwao vijiko na uma za fedha, pamoja na nishani ya Franklin mwenyewe. Walimweleza pia kwamba watu hao walikufa kwa njaa, na kwamba wengine walikula maiti za wenzao. London ilighadhibika. Mwandishi Charles Dickens akaandika kuwa Wainuit si watu wa kuaminiwa. Vijiko vilipokewa, maneno yaliyokuja navyo yakakataliwa.

Hawakuacha maandishi?

Ipo karatasi moja muhimu. Luteni William Hobson, aliyekuwa akiwatafuta, aliikuta mwaka 1859 kwenye rundo la mawe katika kisiwa cha King William. Mei 1847 waliandika kwamba wote wazima. Aprili 1848 wakaongeza pembezoni: Franklin alifariki 11 Juni 1847, watu 24 wamekwisha kufa, meli zimeachwa barafuni, na 105 waliobaki wanaelekea kusini.

Kwa nini walikokota vijiko vya fedha?

Mashua waliyoikokota, iliyokutwa mwaka 1859, ilikuwa na mifupa ya watu wawili, bunduki, chai, chokoleti, sabuni, sapatu na vitabu, pamoja na vijiko hivyo. Wengi huwacheka. Mimi nawahurumia: mwenye njaa na maradhi hapimi mzigo kama sisi tulioketi tumeshiba.

Na meli zenyewe?

Erebus ilipatikana mwaka 2014, kina cha mita 11 hivi, upande uleule ambao Wainuit walikuwa wakiutaja tangu karne ya 19. Terror ilifuata mwaka 2016, baada ya Sammy Kogvik, Mwinuit, kusimulia kuwa aliwahi kuona mlingoti umechomoza barafuni. Wapiga mbizi wameopoa kengele ya Erebus, mzinga na sahani.

Habari ya kula maiti ni kweli?

Ni kweli. Mifupa ina alama za visu. Mwaka 2024 taya moja yenye alama hizo ilitambuliwa kwa vinasaba kuwa ya Kapteni James Fitzjames wa Erebus.

Vitu hivi ni mali ya nani?

Uingereza iliikabidhi Kanada meli hizo mwaka 2018, na vinavyoopolewa sasa ni vya Kanada na Wainuit kwa pamoja. Ni haki. Makumbusho yenye vile vya zamani nayo yaandike wazi, kando ya kila kijiko kilichotoka kwa Wainuit, kwamba wao ndio waliokiokota na kusema ukweli wake.