Sanamu ya Mwenye Kutafakari

Katika Makumbusho ya Taifa mjini Seoul, Korea Kusini, imo sanamu ya shaba iliyochanganywa na bati na kupakwa dhahabu, kazi ya karne ya 7. Ameketi, mguu wa kuume juu ya goti la kushoto, vidole karibu na shavu, akiyawaza mateso ya wanadamu. Huyu ni bodisatva, yaani ashikaye njia ya kuwa Buddha, akiweka nadhiri ya kuwaokoa na wengine. Wengi humtambua kuwa Maitreya, Buddha atakayekuja. Nayo dhahabu si majivuno ya mali, yaonyesha nuru. Basi tusimshuhudie jirani uongo: kwanza tulijue tazamio lake, ndipo tumweleze letu.