SOMO: KUJITOA KWA MUNGU BILA KUBAKIZA

Masomo ya Neno la Mungu: Marko 12:41-44, Matendo ya Mitume 4:36 mpaka 5:11, Mathayo 26:36-46, Waroma 12:1-2.



Kila siku ya Bwana tunaimba kwamba tumempa Yesu maisha yetu yote. Tunainua mikono, wengine wanapiga magoti, wengine wanalia. Halafu ibada inakwisha, tunarudi nyumbani. Somo hili linatuuliza jambo moja: tukisema “yote”, ni yote kweli? Au kuna kitu tumekifunga katika kitambaa na kukificha chini ya kitanda, kusudi kitusaidie kama Mungu akichelewa?

Kabla ya kuendelea nasema wazi: somo hili si la kukusanya feza. Asiye na kitu mfukoni asome bila haya. Tunasema juu ya moyo.

I. MUNGU ANAANGALIA KILE KINACHOBAKI

Katika Marko 12, Bwana Yesu aliketi mbele ya sanduku la sadaka la hekalu. Matajiri walikuja, wakatia feza nyingi. Halafu akaja mjane mmoja maskini, akatia sarafu mbili ndogo sana. Sisi mashemasi tunaohesabu sadaka tungeandika katika kitabu jina la tajiri kwanza. Lakini Yesu aliwaita wanafunzi wake, akawaambia kwamba mjane ametoa kupita wote.

Kwa nini? Kwa sababu Yesu hakuhesabu tu kilichoingia katika sanduku. Aliangalia pia kilichobaki mkononi. Tajiri alitoa, akabaki na vingi vya kumtegemeza. Mjane alitoa, akabaki na Mungu peke yake. Hapo ndipo tunaona maana ya kujitoa. Mtu anaweza kumpa Mungu mengi: saa za maombi, kufunga, kazi ya kwaya, mavazi ya kanisa yaliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri. Hayo yote ni mazuri. Lakini swali la Mungu ni hili: umebakiza nini, na kwa nini umekibakiza?

Mtume Paulo anafundisha katika Waroma 12 kwamba tumtolee Mungu miili yetu iwe dhabihu iliyo hai. Mnyama wa dhabihu akiisha kuchinjwa hawezi kutoka tena juu ya madhabahu. Lakini dhabihu iliyo hai ina miguu. Asubuhi umejitoa, saa sita umeshuka, jioni umefika kwa mfumu. Kwa hiyo kujitoa kunafanywa upya kila siku.

II. ANANIA NA SAFIRA: KOSA LAO LILIKUWA NINI?

Katika Matendo ya Mitume tunamwona kwanza Barnaba, Mlawi wa Kipro. Aliuza shamba lake, akaleta feza yote miguuni mwa mitume. Nyuma yake wakaja Anania na bibi yake Safira. Wao pia waliuza shamba, lakini walificha sehemu ya feza, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote.

Wengi wanafikiri Anania alikufa kwa sababu alitoa kidogo. Someni vizuri maneno ya Petro katika sura ya 5:4. Petro alimwonyesha kwamba shamba lilikuwa lake mbele ya kuliuza, na hata nyuma ya kuliuza feza ilikuwa katika uwezo wake. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Angeweza kuleta nusu na kusema “hii ni nusu”, na mitume wangeipokea. Kosa lake lilikuwa kuleta nusu na kuiita yote.

Tena angalieni kwamba walipatana wawili, mume na bibi yake. Siri ya namna hii mara nyingi ni siri ya nyumba. Kanisa halijui, mchungaji hajui, lakini baba na mama wanajua. Wazee wetu wanasema njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama upande huu na upande ule, akataka kupita kotekote, akapasuka.

III. KUJITOA SI KUKOSA WOGA

Mtu mwingine atasema: “Mimi ninaogopa, basi imani yangu ni bure.” Hapana. Tumwangalie Bwana wetu katika bustani ya Getsemane. Alihuzunika sana, akaanguka kifudifudi. Mara tatu aliomba, na aliomba waziwazi kwamba kama inawezekana kikombe kile kimwepuke. Hakumficha Baba yake woga wake. Lakini kila mara alimaliza kwa kuyaacha mapenzi yake mikononi mwa Baba. Halafu akasimama, akaenda kuwakuta waliokuja kumkamata.

Katika nchi yetu tuna mfano ambao watoto wetu wanapaswa kuujua. Nabii Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, tarehe 12 Septemba 1887. Alibatizwa katika misioni ya Wabatisti mwaka 1915. Mwaka 1918 alisikia mwito wa Mungu, lakini hakuupokea mara moja. Aliukimbia, akaenda kutafuta kazi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Jambo hili tusilifiche, maana linatusaidia sisi tunaokimbia. Huko alikokimbilia mwito haukumwacha. Alirudi kwao, na tarehe 6 Aprili 1921 akaanza kazi yake kwa kumwombea mwanamke mgonjwa jina lake Kiantondo.

Watu wakaja Nkamba kwa wingi. Walihubiriwa waache fetishi, waache kuoa wake wengi, na wengi walizitupa fetishi zao njiani. Mwezi wa Juni serikali ya Wabelgiji ilituma askari wamkamate, lakini aliponyoka, akaendelea kuhubiri kwa siri. Angeweza kubaki mafichoni. Lakini katika mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, na tarehe 12 Septemba 1921 akajitoa mikononi mwa askari bila kupigana. Bibi yake Marie Mwilu alibaki na watoto. Joseph Diangienda, mtoto wa mwisho, alikuwa na miaka mitatu tu.

Tarehe 3 Oktoba 1921, korti ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali na kwao, mpaka hapa mji wetu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Katika gereza la mji huu alikaa miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Ndugu, tuhesabu pamoja. Kazi yake ya wazi ilikuwa miezi mitano na siku chache. Kifungo chake kilikuwa miaka 30. Kanisa lililotoka katika kazi yake lilikubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959. Yeye hakuiona siku ile. Hata Mama Marie Mwilu, aliyelinda kazi kwa siri miaka hiyo yote, alifariki mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Leo, tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa letu lote. Lakini mtu aliyekuwa ndani ya chumba cha gereza hakuahidiwa sikukuu. Aliyejitoa kwa Mungu hafanyi naye biashara, kwamba “nitoe hiki, nipate kile”.

IV. USHUHUDA WANGU

Sasa nitasema juu ya nyumba yangu. Bibi yangu amenipa ruhusa.

Binti yetu wa pili, alipokuwa na miaka minne, alianza kuugua. Mikono na miguu ilimuuma mpaka alikuwa akilia usiku kucha, macho yakawa manjano, damu ikapunguka. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi ya Lubumbashi. Nilikuwa shemasi tangu miaka miwili. Kanisa liliomba, na mimi niliomba. Lakini shangazi yangu alikuja usiku na kamba nyeusi yenye kifuko kidogo, imetoka kwa mfumu. Alisema mfumu ameona mtu anayemla mtoto, naye ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, yule aliyenilea wakati nilipokuwa nikisoma sekondari.

Niliwaza: maombi yaendelee, na kamba nayo ikae. Moja ikishindwa, nyingine itafanya kazi. Tukamfunga mtoto kiunoni. Siku ya Bwana tulimvika nguo ndefu. Mimi nilishika kikapu cha sadaka mbele ya watu wote, na niliimba kwa sauti kuliko wengine.

Mama mkubwa tuliacha kumsalimu. Alituma sahani ya mihogo, bibi yangu akaitupa.

Siku moja homa ilipanda, akina mama wa maombi wakaja kumpangusa mtoto kwa maji. Mama mmoja mzee alipoinua nguo aliiona kamba. Hakupiga kelele. Alishusha nguo pole pole kusudi wenzake wasione, akaendelea kuomba. Wengine walipotoka, aliniuliza neno moja tu: “Papa shemasi, unamwogopa nani?”

Usiku ule nilichukua wembe. Bibi yangu alinishika mkono, akasema, “Na kama akikufa?” Sikuwa na jibu. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa ukitetemeka hata niliogopa kumkata mtoto. Tuliomba maneno machache: huyu ni wako, akiishi ni wako, akikufa ni wako. Nikaikata, tukaichoma motoni. Kesho yake nilimwambia mchungaji yote. Nilikaa miezi mitatu bila kazi ya ushemasi, na ilikuwa haki.

Tulimpeleka mtoto hospitali wapime damu. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Mtoto anaupata kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe wanaonekana wazima. Basi ile “sumu” tuliyoitafuta kwa mama mkubwa ilitoka katika damu yangu na ya bibi yangu. Hakuna mchawi aliyeileta.

Nilikwenda kwa mama mkubwa, nikapiga magoti katika kiwanja chake. Nilimwambia yote tuliyosema juu yake. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, “Mwanangu, mimi nilifikiri kazi za kanisa zimekuwa nyingi.” Hakuna viboko vilivyoniuma kama maneno yale.

Mtatuuliza: mtoto alipona? Hapana. Leo ana miaka kumi na minne, na bado ana SS. Anakunywa maji mengi, anameza asidi foliki, analala ndani ya chandarua, wakati wa baridi tunamvika vizuri, na homa ikimshika hatungoji, tunakwenda hospitali. Mwaka mwingine analala huko mara mbili, mara tatu. Tunaendelea kuomba apone kabisa. Dawa ya daktari si kamba ya mfumu: haikutuomba tuifiche, wala haikutuomba tumchukie mtu. Kilichobadilika ni kwamba katika nyumba yetu hakuna tena kitu kilichofichwa chini ya nguo.

V. TUJICHUNGUZE

Vitu tunavyobakiza havifanani. Tuangalie vichache:

1. Hirizi na maji ya mfumu, katika nyumba, katika duka, katika gari, au kwa ajili ya mtihani wa serikali. Tunasema “ni ya ukoo tu”. Lakini kila hirizi ina jina la adui ndani yake. Ukiipokea, umempokea pia jirani kama mchawi.

2. Meka ya sokoni iliyogongwa chini kusudi unga upunguke. Fungu la kumi la faida ile halisafishi meka.

3. Mwanamke wa pili katika mtaa mwingine, ambaye watu wa kanisa hawamjui, na watoto wake wanaokua bila baba.

4. Kinyongo. Umemsamehe ndugu yako kwa kinywa, lakini umeweka siku moja ya kumlipa.

5. Cheo katika kanisa. Mtu anasema amejitoa, lakini mkimwambia leo apumzike, kanisa linagawanyika.

Ukikuta kimoja katika nyumba yako, usikimbie kanisa. Adamu alijificha nyuma ya miti, na Mungu alimtafuta. Anza na sala ya kweli, bila maneno mazuri. Halafu mwambie mtu mmoja anayeweza kunyamaza. Halafu kitoe. Na kama kitu kile kilimwumiza mtu, nenda kwake, ukapige magoti katika kiwanja chake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wengi tunaruka.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MAKUNDI

1. Kwa nini Yesu alisema mjane alitoa kupita matajiri?
2. Kosa la Anania na Safira lilikuwa nini, na ni wapi leo tunaleta nusu na kuiita yote?
3. Yesu aliomba kikombe kimwepuke. Jambo hili linatufundisha nini juu ya woga?
4. Kuna tofauti gani kati ya dawa ya hospitali na hirizi ya mfumu?
5. Ni nani katika ukoo wako au mtaa wako uliyeacha kumsalimu kwa sababu ya maneno ya mfumu? Swali hili kila mtu alijibu peke yake, nyumbani, mbele ya Mungu.

Bwana atupe mioyo isiyogawanyika. Amina.

Shemasi wenu, Lubumbashi