Ukitoa jasho, je, ule zaidi?

Jumamosi asubuhi ukipita katika bustani ya Arboretum jijini Nairobi, au pale Mama Ngina kando ya bahari mjini Mombasa, utawaona watu wa kila umri wakitembea kwa kasi na wengine wakikimbia, taulo shingoni. Wengi wao wameambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda, au sukari imeanza kuzidi, na kwamba ni lazima wapunguze uzani. Saa moja baadaye utawakuta baadhi yao kibandani wakiagiza chapati na soda baridi. Ukiwauliza, watakujibu kwamba leo wamestahili kwa sababu wametoka jasho.

Wako na wengine ambao ni kinyume cha hao. Hawa hutembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Eneo la Viwanda, hushinda na kikombe kimoja cha chai ya rangi, na jioni hurudi kwa miguu tena wakijipongeza kwamba wameunguza mafuta mengi. Kisha siku moja wanashikwa na kizunguzungu wakivuka barabara.

Makundi haya mawili yanasumbuliwa na swali moja: nguvu unayotumia katika mazoezi uirudishe kwa chakula, au uiache iende? Jibu langu la haraka ni kwamba mtu anayetaka kupunguza uzani, na ambaye mazoezi yake ni ya kadiri na hayapiti saa moja kwa siku, asiirudishe, au akiirudisha asipite nusu. Lakini jibu hilo lina masharti, na mojawapo linaweza kuokoa maisha. Kwa hivyo tuliendee polepole, na tuanze na hesabu.

Tuseme wewe ni mama wa miaka 38, kimo chako ni sentimita 165 na uzani wako ni kilo 82. Kwa kanuni iliyochapishwa na Mifflin na wenzake mwaka 1990, ambayo wataalamu wengi wa lishe huitumia hadi leo, mwili wako hutumia takriban kalori 1,500 kwa siku hata ukilala kitandani kutwa, kwani moyo, ubongo, ini na figo hazina likizo. (Kalori tunazozitaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo wanasayansi huziita kilokalori.) Ikiwa kazi yako ni ya kuketi afisini na hufanyi mazoezi, hesabu hiyo huzidishwa kwa 1.2 na kufika 1,800. Ikiwa wewe ni mtu wa mazoezi mepesi, huzidishwa kwa 1.375 na kufika kama 2,060. Halafu, ili upunguze karibu nusu kilo kwa wiki katika siku za mwanzo, huondolewa kalori 500.

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Anayeanza na ile 1,800 atapewa ruhusa ya kula kalori 1,300 kwa siku. Anayeanza na 2,060 atapewa 1,560. Itazame tofauti yake: ni 260. Tofauti hiyo ndiyo mazoezi yenyewe. Aliyepewa 1,560 tayari amelipwa matembezi yake, hata kabla hajafunga kamba za viatu. Akija tena kibandani kudai chapati ya mazoezi, atakuwa kama mwenye duka anayeandika mauzo yale yale mara mbili katika daftari, kisha anashangaa kwa nini pesa za sandukuni hazilingani.

Kwa hivyo swali la kwanza kumuuliza aliyekupa hesabu yako, awe mtaalamu wa lishe hospitalini au programu ya simu, ni hili: mazoezi yamo ndani au hayamo? Programu nyingi za simu hukuuliza mwanzoni kama wewe ni mtu wa kuketi au wa shughuli nyingi. Ukijibu kwamba una shughuli nyingi, kisha kila jioni ukajaza tena matembezi yako ili uongezewe chakula, umejidanganya mwenyewe, na simu haitakukanya.

Tuseme basi hayamo, na wewe uko katika ile 1,300. Je, sasa unaweza kurudisha yote? La, kwa sababu kipimo chenyewe huwa kimetiwa chumvi. Ukitembea kwa kasi kwa saa moja na uzani huo wa kilo 82, utatumia kama kalori 330. Lakini hata ungekaa kwenye kochi ukitazama televisheni saa hiyo hiyo, ungetumia kama 80. Faida yako halisi ni 250. Sasa linganisha: chapati moja ya kadiri ina takriban kalori 300, na ile iliyoogelea mafuta huzidi hapo. Soda ya chupa ya mililita 300 ina kama 125. Hata kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, ambacho mpishi hukimimina bila kukitazama, kina 120. Chapati moja na soda moja vinameza saa nzima ya matembezi na kubaki vinadai.

Wale wenye saa za mkononi zinazohesabu kalori pia nawaomba wazitumie kwa tahadhari. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima saa saba za aina hiyo. Katika kuhesabu mapigo ya moyo, nyingi zilifanya vyema. Katika kuhesabu kalori, ile iliyokaribia ukweli zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya kabisa ilikosea kwa asilimia 93. Huwezi kupanga sahani yako kwa kipimo cha namna hiyo.

Isitoshe, mwili wenyewe hujua kubana matumizi. Majirani zetu Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, walipimwa na Herman Pontzer na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Watu hawa hutembea mno kila siku. Hata hivyo, baada ya ukubwa wa miili kuzingatiwa, nguvu waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine uliohusisha watu wazima 1,754 ulikadiria kwamba katika kila kalori 100 za shughuli za ziada, mwili kwa wastani hufidia kama 28 kwa kupunguza matumizi kwingine. Huenda wewe mwenyewe umeliona jambo hili: siku uliyokimbia asubuhi, jioni unamtuma mtoto akuletee rimoti iliyo hatua tatu kutoka ulipoketi.

Ndiyo sababu nikasema nusu. Ikiwa mazoezi hayamo katika hesabu yako na njaa imekubana kweli, rudisha kalori 100 hadi 150, na zitoke katika chakula kinachoshibisha: yai la kuchemsha, maharagwe yaliyobaki jana, kikombe cha maziwa, au ndizi. Ikiwa huna njaa, usile kwa sababu tu saa imekupa ruhusa. Mazoezi yana kazi nyingine kubwa, ya kushusha shinikizo la damu na kuusaidia mwili kuitumia sukari, na faida hiyo utaipata hata mizani isipoteremka upesi.

Mizani ndiyo mwamuzi wa mwisho. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na upime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Wiki nne zikipita bila mabadiliko yoyote, acha kurudisha. Ukipoteza zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki baada ya wiki, unakula kidogo mno, na hapo ni lazima uongeze chakula.

Na sasa nawageukia wale wanaotembea hadi Eneo la Viwanda. Mtu anayetembea saa mbili au tatu kwa siku, kisha akabeba magunia au kusimama kwenye mashine, hayumo katika jibu la nusu. Wala hayumo anayejiandaa kwa mbio za marathon. Mkimbiaji wa kilo 70 akikimbia kilomita 20 hutumia karibu kalori 1,400, na asipozirudisha kwa sehemu kubwa atapoteza misuli na nguvu ya kesho. Wanariadha wa Iten hula ugali wa kutosha na kunywa chai ya maziwa yenye sukari, wala hakuna anayewaita walafi. Msichana ambaye hedhi yake imekatika tangu aanze kukimbia na kujinyima asifurahie kiuno kipya. Hiyo ni ishara kwamba mwili umeanza kufunga milango, na mifupa yake imo hatarini. Mama anayenyonyesha naye anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku kwa ajili ya maziwa peke yake, kabla hata hajatembea.

Lakini ninaowaogopea zaidi ni wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini au kumeza vidonge kama glibenclamide. Dawa hizi huteremsha sukari hata kama hujala, na mazoezi huiteremsha zaidi. Kwa hiyo ukipunguza chakula, ukaongeza matembezi, na kipimo cha dawa kikabaki kile kile, unaweza kuanguka njiani na wapita njia wakadhani umelewa. Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio na fikira kuvurugika. Ukizisikia, simama papo hapo. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, au koroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji unywe. Ngoja dakika 15, na ukiwa na kipimo jipime. Kama bado, rudia. Kisha ule mlo wako hata kama umepita hesabu ya siku hiyo, na kabla ya kuanza tena mazoezi umwone daktari wako aitazame upya dawa yako.