Kuwasha pikapu kwa rimoti: bei ya kisanduku si gharama ya kazi

SOKO LA VIPURI: SOMO LA WIKI

Mnunuzi wa kifaa cha kuwashia gari kwa rimoti huuliza kwanza bei ya kisanduku. Muuzaji naye hufurahi kumjibu, kwani mara nyingi hiyo ni sehemu ndogo tu ya gharama zinazomsubiri. Somo la wiki hii linaeleza fedha zinakokwenda, na kwa nini ufungaji wa bei rahisi unaweza kuzaa hasara inayozidi thamani ya gari lenyewe.

Asili ya soko

Soko kubwa la kifaa hiki lipo Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Mjini Winnipeg, usiku wa Januari hushuka mara kwa mara hadi zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwenye pikapu hubonyeza rimoti akiwa ndani ya nyumba, injini ikawaka na hita ikaanza kuyeyusha barafu ya kioo.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya maduka ya ving'ora na redio za magari. Baadaye viwanda viliingia sokoni. General Motors iliweka huduma hiyo kwenye Chevrolet Malibu ya modeli ya 2004, na wengine wakafuata. Kwa hiyo mnunuzi wa pikapu mpya achunguze kwanza kama gari halina huduma hiyo tayari. Mwenye gari la zamani ndiye mteja halisi wa kisanduku.

Kinavyofanya kazi

Kisanduku huunganishwa na waya za swichi ya funguo. Rimoti ikibonyezwa, hufungua umeme wa injini, huzungusha stata, husoma mzunguko wa injini na kuiachia stata mara inapowaka. Kwa injini ya dizeli ni lazima kingoje kwanza plagi za joto zipate moto. Baada ya muda uliopangwa, mara nyingi dakika 10 hadi 20, injini huzimwa.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenye thamani ni kukifundisha kisanduku wakati wa kukataa. Boneti ikiwa wazi, injini isiwake, maana fundi anaweza kuwa na mkono kwenye feni. Breki ikikanyagwa kabla ya ufunguo kuwekwa, injini izime, ili mwizi asiondoke na gari linalounguruma.

Gia ndiyo hatari kuu

Gari la otomatiki huwa na swichi inayozuia stata isizunguke gia ikiwa nje ya P au N. Hata hivyo, baadhi ya pikapu za zamani zina kizuizi cha chuma ndani ya kufuli ya ufunguo tu. Kisanduku hakipiti kwenye kufuli hiyo, hivyo kizuizi hakisaidii kitu. Fundi makini hufanya jaribio eneo la wazi, gia ikiwa D na mguu wake ukiwa tayari kwenye breki. Stata ikizunguka, kazi haijakamilika.

Kwa gari la gia za mkono hatari ni kubwa zaidi, kwani kisanduku hulazimika kuipita swichi ya klachi. Gari lililoegeshwa likiwa kwenye gia huruka mbele mara stata inapozunguka, na dereva hayumo. Ufungaji sahihi una utaratibu maalumu: dereva huweka gia huru, huvuta breki ya mkono, hutoa ufunguo injini ikiendelea kuunguruma, hushuka na kufunga milango. Hapo ndipo kisanduku huzima injini na kukumbuka kuwa gia i huru. Mlango ukifunguliwa tena, kumbukumbu hufutwa na rimoti haiwashi.

Hapa ndipo somo linapowahusu wamiliki wa Afrika Mashariki. Pikapu nyingi za kazi katika eneo hili ni za dizeli na gia za mkono, na baadhi ya ving'ora vya bei nafuu huja na waya wa kuwashia injini. Anayetaka kupoza kabini iliyochemka juani asikubali waya huo uunganishwe bila swichi za milango, boneti na breki ya mkono.

Ufunguo wenye chipu

Kanada ililazimisha magari mapya yawe na kizuia wizi cha kielektroniki kuanzia Septemba 2007. Chipu ya ufunguo isipotambuliwa, injini haiwaki. Njia ya zamani ya kukikwepa kizuizi hicho ni kuficha ufunguo wa akiba nyuma ya dashibodi. Kwa hesabu ya biashara hiyo ni kumwachia mwizi nusu ya kazi yake. Njia bora ni kisanduku cha pili kinachowasiliana na kompyuta ya gari. Ni gharama nyingine, lakini isikatwe.

Mafuta na moshi

Gari likiunguruma bila kwenda hula takriban lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini. Mkandarasi mwenye pikapu 5, kila moja ikiunguruma dakika 20 kwa siku kwa siku 120 za baridi, kwa kiwango cha lita 2 atachoma lita 400. Matumizi hayo hayaandikwi kwenye risiti ya fundi.

Aidha, moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inayoua. Kifaa kisitumike kamwe gari likiwa ndani ya gereji, hasa iliyoungana na nyumba.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi adai bei moja inayojumuisha kisanduku, kifaa cha chipu, swichi ya boneti na jaribio la gia mbele yake. Adai pia swichi ndogo ya kuzimia mfumo gari linapopelekwa kwa fundi. Atunze karatasi zote. Nchini Marekani, sheria ya dhamana ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu kifaa cha nje kimefungwa, lakini hasara iliyosababishwa na kifaa hicho inabaki kwa mwenye gari.

Fundi anayekataa kufanya jaribio la gia hajapunguza bei. Amemhamishia mteja hatari, na kwa hatari hiyo hakuna risiti.