Mchezaji wa Kutegemewa katika Vichekesho vya Papo kwa Papo: Maswali na Majibu

Vichekesho vya papo kwa papo ni nini?

Ni maigizo yanayotungwa palepale jukwaani huku yakichezwa. Hadhira hutoa neno moja, tuseme "kinyozi" au "mkopo", na wachezaji huanzia hapo bila mswada wala kisa kilichopangwa. Katika michezo ya vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na TOT, wachezaji walijitungia maneno, lakini kisa walikuwa wamekwisha kukubaliana. Katika vichekesho vya papo kwa papo hata kisa hakijulikani. Sanaa hii ilikomaa Chicago, Marekani, kutokana na michezo ya mazoezi aliyobuni Viola Spolin. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waasisi wa The Second City, ukumbi uliofunguliwa Desemba 1959. Mkondo mwingine ulianzishwa na Keith Johnstone katika ukumbi wa Royal Court, London, kabla hajahamia Kanada.

Kwa nini kutegemewa kunathaminiwa kuliko uchekeshaji?

Mwigizaji wa tamthilia akisahau maneno, mswada upo. Mchekeshaji wa peke yake hupanda na vichekesho alivyokwisha kuvijaribu. Mchezaji wa papo kwa papo hana akiba yoyote ila kile ambacho mwenzake amemwachia. Ndiyo maana Johnstone aliwafundisha wanafunzi wake kumng'arisha mwenza badala ya kujing'arisha. Kila mmoja akifanya hivyo, hakuna anayebaki peke yake.

Kanuni ya "ndiyo, na" hufanyaje kazi?

Mchezaji hupokea kile mwenzake alichokileta, kisha huongeza chake. Chukua mfano huu. Mchezaji mmoja anachuchumaa, anakinga viganja na kunong'ona: "Dada, hili ni yai la pili la bluu." Mwenzake akijibu, "Mbona sioni yai?", watazamaji wanaweza kucheka mara moja, lakini yai limevunjika na aliyechuchumaa hana pa kwenda. Akijibu, "Mganga alisema likifika la tatu, shemeji yako atarudi," kwa sentensi moja wamepata familia, mume aliyetoweka na sababu ya kumsubiri kuku atage tena. Jibu hilo halina mzaha wowote ndani yake. Kicheko kitakuja chenyewe kuku akigoma.

Je, ni lazima kukubali kila kitu?

Hapana. Anayekubali ni mchezaji. Mhusika anaweza kukataa. Binti wa kwenye mchezo anaweza kuikataa posa kwa kelele, mradi mchezaji amekubali kwamba posa imeletwa. Wala kanuni hii haimlazimishi mtu kuguswa asipotaka au kuchezea jambo linalomuumiza. Mambo hayo kundi huyapatana kabla ya onyesho, na mchezaji wa kutegemewa huyaheshimu hata kama kuyakiuka kungeleta kicheko.

Usikivu hufunzwaje?

Zoezi mojawapo la Spolin linalojulikana sana ni la kioo. Wawili husimama wakitazamana. Mmoja anatikisa mkono polepole, mwingine anafuata kama taswira yake. Baadaye hubadilishana. Mwishoni hakuna kiongozi: kila mmoja anamfuata mwenzake, na mjongeo hauishi. Anayeharakisha ili aonekane hodari humwacha mwenziwe nyuma, na kioo huvunjika machoni pa wote. Jukwaani kosa hilohilo hutokea mtu anapotunga sentensi yake ya tatu wakati mwenzake bado anasema ya kwanza.

Aliyesimama pembeni ana kazi gani?

Ana kazi kubwa. Kisa kikifika kileleni, yeye ndiye hukatiza mbele ya jukwaa kukifunga, ili wenzake wasiendelee hadi kicheko kipoe. Mlango ukihitaji mgeni, anaingia kama mgeni, anasema neno moja, anatoka. Kazi yake nyingine ni kukumbuka. Katika Harold, mtindo mrefu unaohusishwa hasa na mwalimu Del Close, visa vinavyoanza mbalimbali huja kukutana baadaye. Jina lililotajwa mwanzoni likirudi mahali pake dakika ishirini baadaye, ukumbi hulipuka. Asiyesikiliza hawezi kulirudisha.

Mwenza akikosea?

Kosa hugeuzwa kuwa sehemu ya kisa. Mchezaji aliyeitwa Asha mwanzoni akiitwa Rehema, mwenza mzuri hasahihishi wala hawakonyezi watazamaji. Anaweza kusema: "Rehema? Ulisema umeachana naye." Aliyeteleza ameokolewa, na mchezo umepata wivu ambao haukuwapo.

Na nje ya jukwaa?

Kutegemewa huanzia huko. Mchezaji hufika mazoezini kwa wakati, kwa sababu mazoezi ya kundi hayafanyiki kwa nafasi iliyo wazi. Hupanda jukwaani akiwa na akili timamu. Baada ya onyesho, marekebisho humwachia mwalimu au kiongozi wa kundi, wala hamhukumu mwenzake mbele ya wageni. Makundi mengi ya Marekani yana desturi ya kupigana mgongoni kwa kiganja kabla ya kupanda, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yuko nyuma yake. Ahadi hiyo hutimizwa muda mfupi baadaye, wa kwanza anapofungua kinywa na wa pili anapopokea alichosema.